Mzee Pastory Gervasi Bihemo na Hesabu ya Watoto wa Gungu

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, ndugu zetu wa Simbo, majirani wa Gungu, na ninyi mliovuka ziwa kuja kumzika: poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imempa Gaudensia, binti wa marehemu, kazi ya kuandika maisha ya baba yake, kwa sababu kaka zake wanasema yeye ndiye mwenye maneno. Tarehe zote zilizomo humu zimehakikiwa mara mbili. Marehemu mwenyewe angezihakiki mara tatu, halafu angemtuma mtu mwingine aangalie kama alihakiki sawasawa.

Mzee Pastory Gervasi Bihemo alizaliwa Jumapili tarehe 3 Februari 1946 katika kijiji cha Simbo, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Gervasi Bihemo na mama Anastazia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa maharage na michikichi. Mama Anastazia, Mungu amrehemu, alipenda kusimulia kwamba Pastory hakuwahi kugusa chakula kabla hajahesabu viazi vilivyomo kwenye sahani za wenzake. Hakuwa mlafi hata kidogo. Alitaka tu kujua kama amepunjwa. Akikuta amepunjwa, alinuna na kula hivyo hivyo. Akikuta amezidishiwa, hapo ndipo alipoingiwa na hofu hasa, akauliza, "Mama, kwa nini?"

Alianza shule ya msingi hapo hapo Simbo mwaka 1955, na kutoka mwaka 1959 hadi 1962 alisoma shule ya kati ya misheni, akitembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Mwaka 1961 mwalimu alipowatangazia wanafunzi kwamba nchi itapata uhuru mwezi Desemba, darasa zima lilipiga makofi isipokuwa Pastory, aliyenyoosha kidole na kuuliza nani kasema. Mwalimu akamjibu kwamba imetangazwa redioni. Pastory akauliza, redio ya nani? Alichapwa viboko viwili mbele ya darasa, na hadi uzee wake alishikilia kwamba cha kwanza alistahili lakini cha pili hakikuwa halali. Alimaliza darasa la nane akiwa wa kwanza katika hesabu.

Mwaka 1966 aliingia bandari ya Kigoma kama kibarua, na tarehe 1 Machi 1969 akapandishwa kuwa karani wa shehena. Kazi yake ilikuwa kusimama penye ngazi ya meli na kuhesabu kila gunia linalopanda na kila gunia linaloshuka, la Bujumbura na la Kalemie, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Kila gunia alichora mstari, na kwa gunia la tano akaikata mistari minne kwa mmoja. Kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyeirudia hesabu yake akaikuta na kasoro. Wabeba mizigo walimwita Mhakiki, na wale waliokuwa na mipango yao midogo midogo na sukari ya watu walikuwa wakiuliza kwanza asubuhi kama Mhakiki yupo zamu. Alistaafu tarehe 3 Februari 2001, siku aliyotimiza miaka hamsini na mitano.

Alichelewa kuoa, na sababu mnaweza kuikisia. Alipompenda binti Veneranda Ruhinda wa Mwandiga, alikwenda kwao mara tatu bila kujitambulisha, akakaa kwenye duka la jirani na kunywa soda huku akiwauliza watu kuhusu ukoo ule: wana magonjwa gani, wana kesi gani, huyo babu alikufaje. Siku alipojitokeza rasmi na washenga wake, binti akamtazama na kusema, "Karibu, bwana wa soda. Na mimi nilikwenda Simbo mara nne." Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 5 Julai 1980. Mungu aliwajalia watoto Martini mwaka 1982, Anatoli mwaka 1985 na Gaudensia mwaka 1988. Walihamia hapa Gungu mwaka 1982, kwenye nyumba ile yenye baraza linalotazama kiwanja cha watoto.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Leo familia imeamua kulisema lote. Kama kuna aliyekuja na kalamu na karatasi, aandike jina la Pastory, maana ndiye aliyelitenda, na yeye hahojiki tena.

Mnaikumbuka miaka ile. Mwishoni mwa mwaka 1993 watu walivuka kutoka Burundi kwa maelfu, kwa miguu na kwa mitumbwi, wengine hawana hata kandambili. Mwezi Novemba mama Veneranda alikwenda Kibirizi kununua dagaa akarudi na mtu. Mtu huyo ni Gloriose Habonimana, mjamzito, mume wake ameuawa, amemshika mkono Kalisti wa miaka saba na amembeba Nduwayo wa miaka minne. Mzee Pastory alimhoji pale barazani kuanzia saa sita mpaka jua likapinda. Umetoka kilima gani, umepita wapi, nani kakuleta, hicho kifurushi kina nini? Gloriose alijibu yote kwa Kirundi, mzee akauliza yote kwa Kiha, wakaelewana bila shida. Mwishowe akampa chumba cha uani. "Wiki mbili," alisema. Spesioza alizaliwa humo chumbani mwezi Januari, Veneranda akiwa mkunga, na wiki mbili zile zikafika miaka minne.

Gloriose alipika mawese pamoja na Veneranda na kulima kibarua Simbo kwa ndugu zetu. Watoto sita walilala vyumba viwili. Lakini mzee roho yake ilikuwa juu muda wote, kwa kuwa wakimbizi walitakiwa wakae kambini na wale waliokuwa mitaani walikuwa wanaishi kwa kujibanza. Mtu aliyemshuku kuliko wote alikuwa jirani, bwana Faridi, mfanyabiashara wa samaki kutoka Ujiji. Mwaka 1995 Faridi alimwona Kalisti kwenye uzio akamwuliza, "We mtoto, kwenu wapi?" Swali la kawaida kabisa. Mzee Pastory alilisikia akiwa barazani, na kuanzia siku ile hakumsalimia Faridi tena. Alisema mtu haulizi kitu kama hicho bure.

Jumamosi tarehe 12 Julai 1997 ndipo lilipokuja lile shirika la kuwasaidia wenyeji walioishi na wakimbizi. Walisema wanataka kukijenga upya kiwanja cha watoto, ambacho wakati ule kilikuwa na nguzo mbili za bembea bila bembea, na mbuzi. Bwana Oswald, msimamizi wao, akasimama katikati ya watu na kutamka, "Sisi hatujaja na mchoro. Wachoraji ni ninyi wenyewe."

Watu wakatazamana. Tangu lini mtu mwenye gari akawauliza watu wa Gungu wanataka nini?

Mzee Pastory akanyoosha kidole kama enzi zile za shule. "Na ninyi mnapata nini?"

"Hatupati kitu, mzee. Tunafurahi tu mkifurahi."

Jibu hilo lilimwogopesha kuliko jibu lingine lolote ambalo wangeweza kumpa.

Halafu bwana Oswald akaeleza utaratibu wao. Yeye na vijana wake walimwaga majivu chini, wakachora mtaa mzima: barabara ile, bomba lile, kila nyumba na mlango wake. Wakasema Jumamosi inayofuata kila mzazi aje na kokoto, moja kwa kila mtoto wa nyumba yake, aziweke kwenye nyumba yake pale juu ya majivu. Kwa njia hiyo wataona watoto wako wangapi na wanakaa wapi, ndipo wajue ukubwa wa kiwanja na vifaa vyake. Wenzetu waliona ni mchezo mzuri. Mzee Pastory aliitazama ile ramani ya majivu, akakiona chumba chake cha uani kimechorwa, na mlango wake.

"Wallahi nimekwisha," alimwambia mkewe jioni, yeye Mkatoliki mzima. "Bandarini sijawahi kuhesabu gunia ambalo halina pa kupelekwa. Hawa wanahesabu ili wachukue."

Wiki nzima, akitoka kazini, alipita nyumba kwa nyumba. Hakumtaja Gloriose, wala hakuhitaji kumtaja. Karibu kila nyumba ilikuwa na wake: shangazi kutoka ng'ambo, mke wa kaka, mtoto aliyeokotwa njiani. Alisema neno moja tu kwenye kila mlango, "Punguzeni." Nyumba pekee aliyoiruka ilikuwa ya Faridi.

Jumamosi ilipofika, mtaa wa nyumba zaidi ya tisini uliweka kokoto thelathini na moja. Wapo walioweka moja, wapo walioweka hakuna. Mzee Pastory mwenye watatu wa kuwazaa aliweka moja, iliyo ndogo. Bwana Oswald akazihesabu, akakuna kichwa, akageuka na kutazama ukuta wa kiwanja, ambako watoto kama mia na hamsini walikuwa wamekaa wakining'iniza miguu na kutazama tukio.

"Na hawa ni wa nani?"

Mama mmoja akasema, "Wamekuja kutembea."

"Wote?"

"Kuna harusi," akasema mwingine.

Tulicheka sana jioni ile, na mzee Pastory mwenyewe alicheka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Kicheko kilikatika mwezi Septemba mchoro uliporudi. Kwa mtaa wa watoto thelathini na mmoja, wataalamu walikuwa wameona inatosha bembea moja, mabenchi matatu ya wazee na maua. Robo tatu ya kiwanja iliyobaki, kwa kuwa haina wa kuitumia, ingefanywa egesho la malori ya chakula yanayokwenda kambini.

Lo! Watu walimjia mzee barazani wakiwa wamefura. "Mzee, umetuponza. Watoto wetu watacheza wapi, chini ya matairi?" Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake hesabu aliyohusika nayo kuwa ya uongo, na uongo huo ulikuwa unawala watoto wote wa mtaa ili kuwaficha watatu. Alishinda siku mbili bila kula vizuri, Veneranda akawa anamwangalia tu.

Siku ya tatu alikuja binti mmoja wa lile shirika, Nasra, akiwa peke yake na kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja mwenyewe."

"Binti wa nani wewe?"

"Mjukuu wa mzee Luqman, mshona kanzu wa Ujiji."

Mzee Pastory aliwahi kushonesha kwa Luqman suruali ya ndoa yake, na vipimo vilikuwa sahihi. Akamwonyesha kiti. Nasra akamwambia wazi kwamba hesabu inaweza kurudiwa, na yeye ameshamwomba bwana Oswald. Ila safari hii kokoto hazitakubalika tena. Mzazi atasimama mbele ya watu, atataja watoto wake kwa majina, na kila anayetajwa ataingia kiwanjani aonekane. Majina yataandikwa. Na kwa kuwa hesabu ya kwanza ilikuwa kichekesho, atakuwepo bwana mmoja kutoka wilayani na mgambo wawili. Halafu akashusha sauti. "Na tangazo la wakimbizi kwenda kambini, mzee, umelisikia. Mimi sijui nani anaishi wapi. Sitaki kujua. Nimekuambia tu ili usiseme hukuambiwa."

Alipoondoka, mzee alimfuata kwa macho mpaka njia panda, aone kama kuna anayemsubiri. Hakukuwa na mtu.

Ijumaa, siku moja kabla ya hesabu, Gloriose aliacha sufuria ya mawese jikoni akaja kusimama mbele ya mzee. Veneranda alikuwepo, na Gaudensia alikuwa nyuma ya mlango, akiwa na miaka tisa na masikio makubwa.

"Mzee, nitaondoka na wanangu kesho kabla ya saa tatu. Tutakwenda kujiandikisha kambini. Sitaki kuharibu kiwanja cha watoto wa watu."

"Unaiamini kambi?"

"Siiamini. Lakini nimechoka kujificha. Kalisti anauliza kwa nini anacheza akiwa ameinama."

Mzee Pastory akasema jambo ambalo alikuwa amelipiga hesabu tangu Nasra aondoke, mpaka miaka alikuwa ameshaipanga: Martini wa themanini na mbili, Anatoli themanini na tano, Kalisti themanini na sita, Gaudensia themanini na nane, Nduwayo themanini na tisa, Spesioza tisini na nne. Inawezekana kwa mama mmoja. Atawataja wote sita kuwa wa kwake. Gloriose yeye ni mtu mzima, hana namna ya kumtaja, itabidi aende kambini peke yake. Na kuanzia kesho asiwaite wanangu mbele ya mtu yeyote, wala wao wasimwite mama, hadi hatari iishe.

Gloriose alimtazama Veneranda, si mzee. Veneranda akamwambia, "Nitawashika." Basi.

"Ego," alisema Gloriose, yaani ndiyo. "Lakini usiwabadilishe majina."

Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1997 kiwanja kilijaa. Zamu ya mzee ilipofika alisimama na kofia mkononi. Bwana wa wilayani akauliza, "Pastory Bihemo, watoto wangapi?"

"Sita."

Mnaokumbuka, mnakumbuka jinsi watu walivyogeuka kumtazama. Mtaa mzima ulijua ana watatu. Bwana yule akafunua karatasi za nyuma. "Mwezi Julai ulikuwa na mmoja. Miezi mitatu tu, umefikisha sita?"

"Wanakua haraka," alisema mzee. Watu wakacheka, ila bwana yule hakucheka. Akataka majina. Mzee akayataja taratibu, kama anavyoita magunia: Martini, Anatoli, Kalisti, Gaudensia, Nduwayo, Spesioza. Wakaingia mmoja mmoja, wa mwisho kabebwa mgongoni na Gaudensia. Bwana wa wilayani akawatazama kwa muda mrefu, akamtazama mzee, halafu akageuka kwa aliyekuwa karibu naye zaidi. Na katika watu wote wa Gungu, aliyekuwa karibu naye alikuwa Faridi.

"Wewe ni jirani yake? Hawa wote ni wa kwake?"

Mzee Pastory alituambia baadaye kwamba pale pale alianza kuiaga dunia.

Faridi akajibu, "Mimi na mzee huyu hatusalimiani, mwaka wa pili sasa. Kwa hiyo sina sababu ya kumpendelea. Lakini watoto hawa sita wanavunja uzio wangu kila siku ya Mungu. Nawajua kwa sura mmoja mmoja. Ni wa kwake, na anilipie fito zangu."

Bwana yule akaandika. Watoto wa mtaa walifika mia mbili na kumi na wanne.

Mngedhani mzee alimkumbatia Faridi. Wapi! Alirudi nyumbani akajifungia na kujiuliza Faridi anataka nini. Alisubiri mwezi mzima aje kudai malipo ya wema wake. Faridi hakuja. Alisubiri mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mzee alikwenda mwenyewe na mzigo wa fito, akausimika uzio upya bila kusema neno, na alipomaliza akasema, "Habari za asubuhi." Mzee Faridi yuko pale mstari wa mbele. Yeye ndiye aliyemwosha mikono na uso pale hospitali.

Tarehe 8 Novemba 1997 malori yalipita kuchukua watu. Gloriose alipanda mwenyewe na furushi moja. Watoto wakubwa walikuwa wametumwa Simbo makusudi. Spesioza, wa miaka mitatu na miezi kumi, hakuwa wa kutumwa, na alipomwona mama yake juu ya lori alilia kwa jina lile ambalo hakutakiwa kulitamka. Veneranda alimbana kifuani na kuimba kwa sauti kubwa kumzidi. Gloriose hakugeuka. Tuseme ukweli, familia haikuwahi kupona sawasawa kutokana na siku ile.

Kiwanja kilijengwa mwaka 1998, na kila mtu alitoa lake. Watoto walitaka ukuta wa kupigia mpira na mchanga wa ziwani wa kuchimba. Kina mama walitaka bomba liwe karibu ili wachote maji huku wanawaona. Marehemu alitaka mambo mawili tu: mlango uwe mmoja, na benchi moja liutazame. Alikaa kwenye benchi hilo kila jioni kwa karibu miaka ishirini, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia mle bila kuulizwa kwao wapi. Wengi wenu mliokulia hapa mlikuwa mnamwogopa. Alikuwa anawalinda.

Sasa tufike mahali ambapo marehemu angependa tuparuke. Hatari ile iliisha, lakini yeye hakukubali kwamba imeisha. Kalisti na Nduwayo walijua mama yao ni nani wakakatazwa kusema. Spesioza aliambiwa na Kalisti alipofika miaka kumi na mitatu. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Spesioza alipopokea komunyo ya kwanza, Gloriose alipewa ruhusa ya kutoka kambini akaja. Alikaa na wageni, kiti cha nyuma. Spesioza na gauni lake jeupe alipita kusalimia, akafika kwake na kusema, "Shikamoo mama mdogo." Gloriose aliinua mikono amkumbatie. Mzee Pastory akakohoa. Mikono ikashuka, akajibu, "Marahaba." Gaudensia aliona kwa macho yake na siku ile alimchukia baba yake. Mwaka 2012 kambi ilipofungwa na Gloriose akarudishwa kwao, Nyanza-Lac, alipita kuaga. Akauliza swali moja tu, "Na sasa, mzee?" Mzee akatazama mlango wa kiwanja na kujibu, "Bado."

Hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ametoa hesabu moja ya uongo katika maisha yake, na kila siku alisubiri mtu aje kuirudia.

Mwaka 2014 aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2017 figo zikaanza kushindwa kazi. Alikuwa mgonjwa mgumu. Alihesabu vidonge mbele ya muuguzi, akasoma maandishi ya chupa kwa miwani miwili. Tarehe 5 Machi mwaka huu wa 2018 alilazwa. Jumapili tarehe 11 Gloriose alivuka kwa boti na kufika wodini mchana, wakati Veneranda, Spesioza na Gaudensia wako kitandani pake. Mzee aliuliza kwanza mgonjwa wa kitanda cha jirani ni nani. Akaomba pazia livutwe. Kisha akasema, kwa sauti iliyobaki:

"Gloriose, nilikuambia hadi hatari iishe. Iliisha zamani. Mimi ndiye nilikuwa siamini. Nimekuibia watoto miaka ishirini. Nisamehe."

Gloriose alilifungua lile pazia mpaka mwisho, wodi nzima ikawa inaona, akamvuta Spesioza na kumwita kwa sauti, "Mwana wanje," mwanangu. Ndipo akamgeukia mzee na kumwambia amesamehe, lakini si yote kwa siku moja.

Mzee Pastory alifariki dunia Jumatano tarehe 14 Machi 2018, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Amepokea sakramenti zote, baada ya kumwuliza padre maswali machache.

Ameacha mjane, mama Veneranda Ruhinda. Watoto sita, Martini, Anatoli, Kalisti, Gaudensia, Nduwayo na Spesioza. Wajukuu kumi na mmoja. Dada wawili Simbo. Na jirani yake, Faridi. Na kwa mara ya kwanza katika karatasi yoyote inayowataja watoto hao, inaandikwa hapa kwamba Kalisti, Nduwayo na Spesioza ni watoto wa Gloriose Habonimana, mama yao mzazi, anayekaa leo kiti cha mbele.

Ndugu waombolezaji, tutakapofika kaburini mama huyu atalia kwa Kirundi na atawaita wanawe kwa sauti kubwa. Kuna watakaotaka kumshika bega na kumtuliza. Tunawaomba msimnyamazishe.

Mungu ampokee mtumishi wake Pastory, na ampe amani aliyokuwa hajaiamini.